Deni la Kuku Sita

Kuna mama mmoja hapa kwetu Nakivale ambaye ananidai kuku 6. Wawili nimeshalipa. Hakunikopesha kuku, na mimi sikumwibia. Niliandika tu karatasi, ukurasa mmoja na nusu, na kwa sababu ya karatasi ile kuku wake wote waliuzwa kwa bei ya kutupa. Nataka nieleze ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi watu wengi hapa wanaagiza vifaranga kutoka Kampala, mashirika nayo yanatuletea, na naona kosa letu linarudiwa kila mwaka.

Mimi nafanya kazi na vijana. Nina kitambulisho cha kuvaa shingoni na posho kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 tulikuwa kundi la vijana 14, wengine wamemaliza sekondari, wengine wameachia njiani. Kila Jumapili kila mmoja alitoa shilingi 2,000. Usione ni kidogo. Kuna mmoja alikuwa anafyatua matofali ya watu, dada mmoja alisuka nywele hadi vidole vikavimba, mwingine alikuwa anauza sabuni ya mgawo ya kwao bila mama yake kujua (baadaye alijua). Baada ya wiki 20 tukawa na 560,000. Tukakubaliana: vifaranga 100 vya kuroila, vya siku moja, kila kimoja 3,000. Pesa inayobaki ni ya chakula na banda.

Ukiwa mbali na Kampala si lazima uende kuvichukua. Unatuma pesa kwa simu, wanavipanga kwenye boksi, boksi linapelekwa kwenye basi kama mzigo mwingine wowote, yani kama barua. Unapewa namba ya gari na simu ya kondakta. Boksi lenyewe ni la karatasi ngumu, limetobolewa matundu pembeni na juu, ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Wakatuongezea viwili vya bure. Kwa hiyo 102.

Nilikuwa nashangaa inawezekanaje kitu kilichozaliwa leo kisafiri bila kula. Aliyetuuzia akanieleza kwenye simu: kabla kifaranga hakijavunja yai, kinavuta kile kiini cha njano kilichobaki na kukiingiza tumboni. Hiyo ndiyo chakula chake cha njiani. Kinaweza kukaa hadi saa 72 bila kula wala kunywa. Ni kweli, hakunidanganya. Ila mimi nilisikia vibaya. Nilisikia saa 72, nikafikiri ni saa 72 za kila kitu. Kiini kinazuia njaa na kiu tu. Baridi hakiizuii.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, mmoja wetu aende Kampala, alale huko, arudi na boksi mchana likiwa mapajani. Ya pili, boksi lije peke yake na basi la usiku. Mimi ndiye niliyesema basi la usiku. Nikawapigia hesabu ya nauli na malazi, nikawaambia tunaokoa pesa ya gunia la chakula. Wakapiga makofi.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wageni wanaofika hapa wanashangaa tukizungumzia baridi. Barabara ya Kampala kuja Mbarara inavuka ikweta pale Kayabwe, kuna zile duara nyeupe watu wanasimama ndani kupiga picha, na mtu akiona ikweta anafikiri joto. Lakini sisi tuko juu. Mbarara ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mbingu haina mawingu, joto lote la mchana linapanda juu na kutuacha. Karibu na alfajiri ni nyuzi 14 hivi. Mtu mzima anatafuta jaketi. Kifaranga cha siku moja kinataka nyuzi 32 hadi 35.

Na hakina manyoya. Ile sufi ya njano tunayoipenda kwenye picha inasaidia kidogo ikiwa kavu. Ikilowa ni sawa na kulala na shati bichi. Manyoya yenyewe yanakuja kufunika mwili kwenye wiki ya tatu hivi, na kabla ya hapo kifaranga hakiwezi kujitengenezea joto la kukitosha. Ndani ya boksi vinapashana joto vyenyewe kwa vyenyewe. Hiyo nilipaswa kuijua bila kufundishwa. Mwaka 2008, tulipopakiwa kwenye lori kule Kisoro kuletwa huku, mama yangu alitusukuma watoto wote katikati na watu wazima wakawa ukuta. Kisoro na baridi yake. Nilikuwa na miaka 9 na nakumbuka mpaka leo harufu ya koti la mtu aliyekuwa mgongoni mwangu.

Basi liliondoka saa mbili usiku, lingefika Mbarara saa saba. Karibu na Lyantonde tairi ikapasuka. Haya alinisimulia kondakta mwenyewe. Ili kufikia tairi ya akiba walitoa mizigo yote kwenye buti na kuipanga pembeni ya barabara, kwenye majani. Majani ya usiku yana umande. Boksi letu lilikaa pale chini zaidi ya saa mbili. Kondakta hakuwa mtu mbaya. Aliposikia vinalia sana alivihurumia, akalifunika boksi kwa shitingi na kulikaza kwa kamba, likarudi kwenye buti hivyohivyo. Kwa hiyo vya chini vililowa, na vya juu vikakosa hewa.

Mimi nilifika saa mbili asubuhi na gari la kwanza kutoka huku. Boksi lilikuwa kwenye saruji ya ofisi ya mizigo, karibu na mlango, pale upepo unapoingia. Lilikuwa kimya. Sasa najua kwamba boksi la vifaranga likiwa kimya ni habari mbaya, lakini siku ile nilifurahi, nikasema vimelala. Nikatia sahihi, nikapanda gari. Tulifungua nyumbani. 19 vilikuwa vimekufa, vingi vimebanana kwenye pembe ya chini, miguu imenyooka. Vilivyobaki vilisimama macho nusu. Dada mmoja wa kundi, mdogo kuliko wote, akaniuliza:

«Yaya, bimelala tu?»

Nikamwambia ndiyo.

Kosa la pili tulilifanya papo hapo. Banda lilikuwa zuri, tumepiga udongo, tumemwaga maranda, ila hatukuwa tumewasha moto. Tulikuwa tunaokoa makala. Tukawasha mbabula vifaranga vikiwa tayari vimeshamwagwa chini, juu ya sakafu ya baridi, na tukaiingiza ndani ikiwa bado inatoa moshi. Tukaweka chakula kwanza, maji baadaye, na maji yenyewe yalitoka moja kwa moja kwenye jerikani iliyolala nje. Vikakusanyika kwenye kona, vikapandana. Tukafikiri vinacheza.

Siku ya pili vilikufa 11. Ya tatu 16. Ya nne 14. Ya tano 8. Vikabaki 34. Nyuma vilikuwa vimegandwa na haja, matumbo yamevimba, vinasimama mbele ya chakula na havili.

Hapo ndipo inaingia karatasi. Shirika lilikuwa limetusaidia chanjo na sehemu ya chakula, kwa hiyo lilitaka ripoti. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza sababu ya hasara. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikiandika baridi, swali linalofuata ni nani alichagua basi la usiku. Nikiandika banda halikuwa na joto, swali ni nani alikuwa msimamizi. Nikaandika ugonjwa. Na kwa kuwa ugonjwa lazima utoke mahali, nikaongeza mstari mmoja, kwamba kuna kuku wa jirani wanaozurura karibu na banda bila chanjo.

Jirani mwenye kuku alikuwa mmoja tu.

Ni mama mjane, ametoka upande wa Fizi. Alikuwa na matetea 5 na jogoo 1, wa kienyeji. Mayai yale ndiyo yalikuwa daftari, sabuni, chumvi. Wiki moja baadaye kamati ilipita kwake, ikamwambia kwa sababu ya mradi wa vijana kuku wale waondoke, auze au achinje, amepewa siku 7. Sokoni watu wakijua unalazimika kuuza, unajua wanavyofanya. Aliuza karibu nusu ya bei. Mwezi ule mtoto wake alikuwa anaenda shule na daftari moja, mbele hesabu, nyuma Kiingereza. Mimi nilikuwa napita pale kila siku na kitambulisho changu shingoni, namsalimia, ananiitikia.

Ukweli ulinifikia kwa njia ya mbali. Shangazi yangu alipata ndege kwenda Marekani, yuko Iowa, na nyuma ya nyumba yake anafuga kuku kama vile hajawahi kutoka Rutshuru. Siku moja tukiongea kwenye simu akaniambia vifaranga vyake vinakuja na posta. Nikacheka. Posta ya barua? Akasema ndiyo, ya barua. Saa kumi na mbili asubuhi wanampigia simu: mama, njoo uchukue mzigo wako, unatupigia kelele.

Kumbe ni jambo la zamani kwao. Posta ya Marekani inabeba vifaranga tangu 1918. Masharti yao ni kwamba viwekwe posta kabla ya saa 24 kupita tangu vitotolewe, na vimfikie mwenyewe kabla ya saa 72. Wakati wa theluji wauzaji wengi hawakubali oda ndogo, kwa sababu vifaranga vitano kwenye boksi haviwezi kupashana joto kama 25. Wanaweka na kifuko cha joto: ndani kuna unga wa chuma, ukikutana na hewa unashika kutu, na kutu ile inapotokea inatoa joto. Sikuwahi kufikiri kutu ina joto. Lakini kifuko hicho nacho kinakula hewa ileile vifaranga vinayopumua, kwa hiyo ukiziba matundu umeviua mara mbili. Na pamoja na akili zote hizo bado vinakufa. Mwaka 2025 kule Delaware vifaranga zaidi ya 10,000 viliachwa ndani ya gari la posta karibu siku tatu, na maelfu vilikufa. Kwa hiyo si umaskini wetu peke yake. Ni kwamba mzigo huu hauwezi kungoja, na watu wanaobeba mizigo wamezoea mizigo inayongoja.

Shangazi mwenyewe mara ya kwanza alipoteza nusu, mwezi wa tatu, theluji bado iko chini. Nikamwambia na sisi tulipoteza, lakini ya kwetu ilikuwa ugonjwa. Akaniuliza kama daktari.

«Zilikufa njiani ao nyumbani?»

«Nyingi nyumbani. Siku ya tatu, ya nne.»

«Nyuma kumegandwa na mavi?»

«Ndiyo.»

«Tumbo limevimba?»

«Ndiyo, shangazi.»

«Mwanangu, ile si ugonjwa wa jirani. Ile ni baridi ya njia.»

Sikuwa nimemwambia habari za jirani. Alisema tu hivyo.

Afisa mifugo niliyemuuliza baadaye alinieleza vizuri zaidi. Kifaranga kilichopigwa na baridi hakifi lazima saa ile. Mwili unatumia nguvu zote kutafuta joto, hakinywi, hakili, kile kiini tumboni kinabaki bila kutumika vizuri na kinaweza kuoza. Siku tatu, nne, kinaanguka. Mwenye kuku anaona kimefika kikiwa hai, kimekaa siku tatu, halafu kinakufa; lazima aseme ni ugonjwa, ni sumu, ni jicho la mtu. Hakumbuki tena usiku wa basi.

Napenda kusema nilikwenda kwa mama yule kesho yake. Hapana. Nilikaa miezi miwili. Nilijiambia mambo yameshapita, ripoti imeshafungwa, nikimwambia nitaharibu mradi wa vijana. Maneno ya kujifunika yapo mengi, hayaishi. Nilienda siku moja jioni, nikamkuta anachambua maharage.

Nikasema, «Mama, kuna kitu nataka nikuelezee.»

Nikaeleza kila kitu, basi, tairi, mbabula, fomu. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema:

«Nilijua. Ugonjwa ukikuja unaanzia kwa kuku zinatembea. Zangu zilikuwa zinataga.»

«Sasa mama, kwa nini haukusema?»

«Ningesema kwa nani? Weye ndiyo ulikuwa na karatasi.»

Halafu akapiga hesabu kwa sauti: kuku 6, na mayai ya miezi yote ile. Mayai akasema ananiachilia.

Kundi nalo nililiambia, Jumapili, mbele ya wote. Wawili hawakunisalimia kwa muda, mmoja aliondoka na hajarudi. Nikaenda pia ofisini kusahihisha ripoti. Nikaambiwa kwa upole kwamba mwaka ule wa mradi umeshafungwa kwenye mfumo. Nikaomba barua nyingine iende kwa kamati, kwamba kuku wa mama hawakuwa na shida. Hiyo ilikubaliwa. Imebandikwa kwenye mbao ya matangazo chini ya tangazo la mpira.

Mwezi wa pili uliofuata tuliagiza tena, kwa pesa za wale kuku 34 waliokua. Safari hii nilienda mwenyewe. Nilirudi mchana, boksi kwenye magoti, nimelipia viti viwili. Kila basi likisimama niliingiza kidole kwenye tundu kusikia joto. Nyumbani walikuwa wamewasha mbabula tangu usiku, wanaiwashia nje hadi moshi uishe kabisa, ndipo inaingia, na juu ya ukuta tumeacha nafasi ya hewa, maana moshi wa makala unaua kimyakimya hata watu. Tulizungushia katoni kuwa duara ili kusiwe na kona ya kupandana. Jerikani mbili za maji ya moto zilifungwa blanketi na kuwekwa kati, kwa ajili ya saa za alfajiri mbabula inapolala. Vilipofika tulivipa maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, kila kimoja tukakichovya mdomo, mmoja mmoja, 102. Chakula baadaye.

Shangazi alinifundisha kitu kingine: chukua kifaranga, weka mguu wake kwenye shavu lako. Ukiwa wa baridi, banda ni la baridi, hata kama wewe unatoka jasho. Na uvitazame. Vikijibana karibu na moto, vina baridi. Vikikimbilia pembeni na kuachama midomo, umevichoma. Vikitawanyika kila mahali vinakula, nenda ukalale. Tulipoteza 4.

Nawaandikia na nyinyi wa mashirika, kwa sababu mnasoma gazeti hili na mmetusaidia mengi. Mwaka jana mradi mmoja uligawa vifaranga kwa familia hapa kwetu, kila nyumba 10, mwisho wa mwezi wa sita, jioni, kwenye katoni za sabuni. Nilimuuliza kijana wa mradi kwa nini mwezi wa sita. Akasema bajeti inafungwa tarehe 30. Vifaranga 10 ndani ya nyumba ya shitingi, usiku wa mwezi wa sita, kwa mama ambaye makala ya kupikia yenyewe anakopa. Nilipewa nafasi ya kuona orodha ya manunuzi: vifaranga, chakula, chanjo, fulana, bango. Makala hayakuwemo. Nauli ya mtu wa kusindikiza haikuwemo.

Ningeomba mbadilishe tarehe, au msigawe vya siku moja. Lipeni nyumba tatu nne zenye banda zivilee hadi wiki ya nne, manyoya yakiota ndipo mgawe. Inagharimu zaidi kwa kifaranga, najua, na idadi kwenye ripoti itapungua. Nimeshaandika barua rasmi. Wamenijibu kwamba wameipokea.

Kuhusu deni langu, mama hataki kuroila. Anasema hawaatamii mayai vizuri, na yeye anataka kuku wa kumzalia kuku. Kwa hiyo nanunua wa kienyeji sokoni, mmoja mmoja, posho ikiingia. Wa tatu tayari tumemwona, tetea mwekundu wa muuzaji mmoja karibu na kisima. Nilitaka kumlipia juzi, lakini mama amekataa. Amesema hachukui kuku ambaye hajaona yai lake.